Chumvi kwenye maji ya shambani

Swali: Nalima michikichi hapa Kidahwe. Jua likiwaka hutia chumvi kwenye maji ya kunywa nisiishiwe nguvu. Nakosea?

Jibu: Ndugu yangu, acha. Jasho hutoa chumvi, kweli, lakini ugali kwa dagaa waliokaushwa kwa chumvi huirudisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na ya Uvinza, jirani zetu, imo humo humo. Ikizidi hupandisha presha. Kunywa maji safi kidogo kidogo, ule na ndizi upate potasiamu.

Kuhara ni jambo jingine kabisa: pakiti ya ORS ndiyo dawa. Ukiikosa, lita 1 ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Mgonjwa akilegea, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo.