Haki za Msomaji Katika Maktaba ya Umma

Katika maktaba nyingi za umma nchini Kenya, msomaji hupokewa na daftari mlangoni. Unaandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na saa ya kuingia, kisha unatia sahihi. Juu ya jina lako yamejipanga majina ya waliokutangulia, na atakayekuja baada yako atalisoma lako pamoja na simu yako. Msichana aliyekuja kudurusu kwa ajili ya mtihani anaacha nambari yake hapo, wazi kwa yeyote anayetaka kuinakili. Tumelizoea daftari hilo kiasi kwamba hakuna anayeuliza ni la nini.

Kuuliza ni haki yako. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikaeleza ulinzi huo unavyotekelezwa. Anayechukua habari zako sharti akwambie anazichukulia nini, achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi hiyo, na asikae nazo baada ya kazi kwisha. Maktaba ya umma haikusamehewa masharti haya. Ikiwa daftari ni la kuhesabu wasomaji, kuhesabu hakuhitaji nambari ya simu ya mtu. Ikiwa ni la usalama, mhudumu anaweza kuandika mwenyewe na kufunika mistari ya wengine. Mwambie hivyo kwa heshima, maana mara nyingi yule kijana wa mlangoni alikuta utaratibu ukiwa hivyo.

Fomu ya uanachama ni suala jingine. Maktaba inakuazima mali ya umma, lazima ijue itakupata wapi usiporudisha. Kwa mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi inahitajika kabla habari zake hazijachukuliwa. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kinachofuata baada ya kusajiliwa, yaani kumbukumbu ya kila kitabu ulichoazima. Mama anayesoma juu ya talaka kabla hajamwambia mtu yeyote nyumbani, kijana anayesoma kuhusu virusi vya UKIMWI, mfanyakazi anayesoma sheria za migomo: hao wote wamekuja maktabani kwa sababu kitabu hakimsengenyi msomaji wake. Wakijua kuwa kuna anayefuatilia, hawatarudi. Kwa hiyo, ukisharudisha kitabu na huna deni, unaweza kuandika na kuomba kumbukumbu hiyo ifutwe. Sheria inakuruhusu kudai kufutwa kwa habari ambazo hazihitajiki tena, na pia kuonyeshwa kile ambacho maktaba imehifadhi juu yako.

Kompyuta za maktaba zinahitaji uangalifu wako mwenyewe. Toka kwenye akaunti yako ya barua pepe kabla hujainuka, kataa kompyuta inapokuuliza kama ihifadhi nenosiri, na ufute nakala ya cheti au kitambulisho uliyoipakua ili kuichapisha. Faili hizo hubaki kwenye mashine siku nyingi, na mtu wa pili huzikuta.

Je, afisa wa polisi akija kutaka kujua fulani anasoma nini? Sheria inaruhusu habari kutolewa pale sheria nyingine iliyoandikwa au amri ya mahakama inapotaka hivyo, na usalama wa taifa nao umetajwa miongoni mwa misamaha. Neno la mdomo tu si amri ya mahakama. Mkutubi atake ombi hilo liletwe kwa maandishi, ampelekee mkuu wake, na atafute ushauri wa wakili kabla ya kufungua jalada lolote. Marekani walilipitia jambo hili mwaka 2005. Shirika la upelelezi la FBI lilipeleka barua kwa muungano wa maktaba katika jimbo la Connecticut likitaka habari za matumizi ya kompyuta, na barua hiyo ikawakataza waliopokea kumwambia mtu yeyote. Wakutubi wanne walikwenda mahakamani. Mwaka uliofuata serikali iliacha kushikilia katazo hilo, nao wakaweza kusimulia yaliyowapata. Natamani kila mkutubi wetu aijue kesi hiyo.

Sasa tugeuze upande wa pili, kwa kuwa serikali inayotakiwa kunyamaza juu ya usomaji wako inatakiwa kusema wazi juu ya fedha zako. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Tangu hapo, kama maktaba ya mji wenu ina vitabu vipya au paa linalovuja, swali la kwanza laelekea makao ya kaunti. Na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, haki iliyofafanuliwa na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016.

Ombi ni barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kiingereza. Mwandikie mkuu wa ofisi husika, kwa sababu yeye ndiye afisa wa habari kisheria, ingawa anaweza kumkabidhi mwingine kazi hiyo. Taja sheria yenyewe, kisha useme unachotaka bila kuzungukazunguka: "Naomba nakala ya fedha zilizotengewa maktaba ya mji wetu mwaka huu wa fedha, kiasi kilichotumika hadi sasa, na orodha ya vitabu vilivyonunuliwa." Huwajibiki kueleza unazitakia nini. Kuomba hakulipiwi, utakacholipia ni gharama ya kutoa nakala. Asiyeweza kuandika asikilizwe, na afisa amwandikie. Baki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwani siku zinahesabiwa kuanzia hapo.

Jibu litolewe ndani ya siku 21, na muda huo waweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Ukikataliwa au ukinyamaziwa, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa tume inayosikiliza malalamishi dhidi ya ofisi za umma, ile ya Ombudsman. Malalamishi yahusuyo faragha huenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, yawe ya mdomo au ya maandishi, na uchunguzi wake unapaswa kukamilika ndani ya siku 90.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi hualikwa kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Ukipeleka barua yako mwanzoni mwa Machi, hata wakijiongezea zile siku 14, jibu linapaswa kukufikia mwanzoni mwa Aprili. Nenda nalo kwenye kikao hicho cha kutoa maoni, na umpe mkutubi wa mji wenu nakala.