Somo kwa Waalimu: Madai ya Mtu Aliyeumia Kazini

Somo la mwezi huu ni la barua na vyeti, na labda wengine watasema si kazi yetu. Lakini mwajua ya kuwa katika sharika nyingi mwalimu ndiye mtu wa kwanza anayeombwa kuandika habari za mtu aliyevunjika mguu shambani kwa tajiri, au aliyekatwa vidole na mashine ya kupasua mbao. Barua hiyo ikiandikwa vibaya, nyumba yake yote yaweza kukosa posho kwa miaka mingi. Basi yafaa tujue tunaloandika.

Kwanza tuitazame sheria. Katika Tanzania Bara iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Serikali wa kazi hiyo ulianza kupokea michango mwezi wa Julai 2015. Kabla yake ilitumika sheria ya kale, iliyotoka wakati wa utawala wa Waingereza, na chini yake aliyebaki na kilema cha maisha hakulipwa zaidi ya shilingi 108,000, hata akiwa kijana mwenye watoto wadogo. Sasa mambo ni mengine. Mwenye kazi ndiye atoaye mchango, wala hana ruhusa kuukata katika mshahara wa mtu wake. Aliyezuiwa na jeraha asifanye kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Akibaki na kilema cha kudumu, daktari hukipima kwa asilimia: kisichozidi 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja, na kikizidi hapo mtu hupata pensheni ya kila mwezi. Mfuko huu ni wa madhara yaliyotokana na kazi. Aliyeanguka mwembeni nyumbani kwake hana dai hapa, tusimpe matumaini ya bure.

Dai hupata nguvu au huharibika siku ile ile ya ajali. Mwenye kazi akiisha kuarifiwa, sheria yampa siku saba apeleke habari kwa Mfuko. Na ajali isiyotolewa habari katika miezi 12 huweza kupoteza haki yote. Hata hivyo wengi hunyamaza. Wengine waogopa kufukuzwa, na wengine huambiwa na mnyapara, “Pumzika kidogo, ndugu yangu, tutakutazama,” wakapewa fedha za dawa mkononi pasipo neno lolote kuandikwa. Mwezi hupita, na miezi sita, na yule mnyapara huhamia kazi nyingine. Kwa hiyo mtu akiumia, yeye au mwenzake na aandike mara moja siku, saa, mahali, kazi aliyokuwa akiifanya, na majina ya walioona. Karatasi moja ampe mwenye kazi, na nakala ibaki kwake. Akifika hospitali amwambie mganga tangu mwanzo ya kuwa ameumia kazini, na ni kwa namna gani. Cheti cha kwanza kikisema “ameanguka” tu, baadaye itakuwa shida kueleza alianguka wapi.

Na hapa nataka kukaa kidogo juu ya desturi yetu moja, nayo ni njema, lakini mbele ya daktari hutuponza. Mtu wetu akiulizwa hujambo, hujibu sijambo, hata kama hakulala usiku kucha kwa maumivu. Tumefundishwa tangu utoto kwamba si adabu kumwaga taabu zetu mbele ya mgeni, hasa aliye mkubwa. Basi daktari amwuliza, “Waonaje sasa?” naye mgonjwa ajibu, “Sijambo, Bwana Daktari, nashukuru Mungu.” Daktari aandika ya kuwa mgonjwa aona nafuu. Hakuandika uongo, aliandika alichoambiwa. Karatasi ile itasomwa na mtu aliye mbali, asiyemwona mgonjwa akipanda ngazi. Waalimu, wafundisheni watu kwamba kumsalimu daktari ni jambo moja, na kumjibu habari za mwili ni jambo jingine. Salamu na iishe kwanza, kisha aseme kweli yote.

Tena kweli hiyo iwe ya kuonekana. Nimesoma barua nyingi za namna hii, na karibu zote zaanza na umaskini: nina watoto saba, mama yangu ni mzee, naomba mnihurumie. Maneno hayo ni ya kweli na yanaumiza moyo, lakini mpimaji hapimi umaskini. Yeye ataka kujua mkono ule waweza nini na hauwezi nini. Mwandikie hivi: hawezi kufunga vifungo vya shati, akishika kikombe kwa mkono wa kuume humwangukia, ndoo ya lita kumi aweza kuibeba kwa mkono wa kushoto hatua hamsini, kisha hana budi kuitua, hulala saa mbili, halafu maumivu humwamsha. Tajeni na kazi aliyoifanya zamani, aliinua mzigo wa namna gani, na alisimama saa ngapi kwa siku.

Wala msizidishe. Anayesema hawezi lolote, kisha akaonekana akipalilia mahindi, hataaminiwa hata katika lile lililo kweli. Kama kuna siku zilizo njema na siku zilizo mbaya, andikeni zote mbili.

Vyeti vya mshahara vitunzwe, maana fidia huhesabiwa kwa mshahara. Asiye navyo na atafute mkataba, au hesabu za benki au za simu zilizopokea malipo yake. Maradhi yaingiayo polepole, kama mapafu kwa vumbi la mawe au masikio kwa kelele za mashine, hayana siku ya ajali. Hapo yafaa kueleza miaka ya kazi na mahali pake, na kumwomba daktari aandike waziwazi kama aona kazi ndiyo iliyoyaleta.

Dai likikataliwa, mtu asirudi nyumbani na kukaa kimya. Sheria yampa njia ya kuomba uamuzi utazamwe tena, lakini kwa muda uliowekwa. Kwa hiyo aulize siku ile ile mwisho wake ni lini, naye apewe sababu kwa maandishi. Kisha mjibu sababu hiyo hasa. Kama wamesema hakuna shahidi, leteni shahidi. Kama wamesema cheti hakitaji kazi, rudini kwa daktari, atazame kitabu chake cha siku ile. Na nakala zote, pamoja na zile zilizogongwa muhuri wa kupokelewa, zikae katika mfuko mmoja usiopenya maji, mahali ambapo mkewe apajua, maana mumewe asipokuwapo yeye ndiye atakayeulizwa.