Korosho na Mahali pa Kiwanda: Mfano wa Nachingwea na Ruangwa

Katika kuchagua mahali pa kujenga kiwanda, swali la kwanza huwa la uzito: je, malighafi hupungua kiasi gani inapogeuzwa bidhaa? Mwaka 1909 mtaalamu wa uchumi wa Kijerumani, Alfred Weber, alieleza kwamba malighafi ipotezayo uzito mwingi hukivuta kiwanda kuelekea inakotoka, ili nauli isilipiwe takataka.

Korosho yafaa sana kuwa mfano. Kiini chake ni kama robo ya uzito wa korosho ghafi, au pungufu. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni ganda lenye mafuta makali yaunguzayo ngozi. Hivyo tani 4 zitokazo Nachingwea au Ruangwa kwenda bandari ya Mtwara hubeba tani moja tu ya viini. Kwa hesabu hiyo ubanguaji wafaa kufanywa wilayani, na Nachingwea ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopata viwanda vya serikali vilivyojengwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Viwanda hivyo havikudumu. Mavuno ya nchi, yaliyofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, yalishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Wakulima wengi walikuwa wamehamishiwa vijiji vilivyo mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaishambulia miti. Mashine nazo zilivunja viini vingi, ilhali kiini kizima ndicho chenye bei nzuri.

Tena korosho huvunwa kwa miezi michache. Kiwanda kitakacho kufanya kazi mwaka mzima hulazimika kununua akiba yote msimuni, kikishindana na wanunuzi wa India, ambako kuna wabanguaji stadi na soko kubwa la viini, nayo meli hubeba mzigo kwa nauli nafuu kuliko lori.

Madini ya kinywe ya Ruangwa hayana utata huo: sehemu kubwa ya mwamba ni mawe yasiyo na thamani, hivyo kinywe hutenganishwa papo hapo machimboni.

Zoezi: Ikiwa nauli ya tani moja ya korosho ghafi ni sawa na ya tani moja ya viini, kiwanda cha Ruangwa huokoa nauli ya tani ngapi katika kila tani 100 za korosho ghafi? Je, akiba hiyo yatosha kulipia riba ya mkopo ulionunulia korosho zikaazo ghalani miezi 8?