Mkunga Sebuleni: Maswali ya Mji wa Kale

Tangu majirani wajue kwamba nafuga mkunga, maswali hayaishi. Ninayemzungumzia ni yule mweupe mwenye madoa meusi na vitone vya manjano, ambaye wataalamu humwita Echidna nebulosa. Yule mkubwa wa mwambani, anayeweza kufika mita 3, mwacheni baharini.

Ami, nakaa Kuze, hapa Mji wa Kale, ghorofa ya pili. Naweza kuweka tangi la lita 400?

Usithubutu, mwanangu. Maji ya bahari lita 400 ni kama kilo 410, na bado hujahesabu kioo, mawe na meza. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe na chokaa, na dari zimelala juu ya boriti za mikoko zilizomzidi umri babu yako. Boriti iliyoliwa na mchwa haikupi taarifa. Liweke chini, pasipopigwa na jua. Mawe ya pango usiyachukue kwenye ukuta uliobomoka, maana chokaa iliyoganda juu yake itaharibu maji. Wala usivunje matumbawe. Kipande cha bomba la plastiki kinamtosha; mkunga anataka tundu la kujibanza tu.

Maji niteke wapi? Bahari si iko hapa chini ya ngazi?

Iko, lakini maji ya kando ya mji yana taka na mafuta ya vyombo. Mwombe mvuvi akujazie mitungi nje kabisa, maji yakijaa. Wakati wa masika maji ya mvua hushuka mikondoni na chumvi hupungua, kwa hiyo pima kwa haidromita: 1.023 hadi 1.025.

Kisha ngoja. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wanaoigeuza huchukua wiki 4 hadi 6 kujikusanya kwenye mawe na chujio. Mkunga wangu wa kwanza nilimtia siku ya tatu, akafa kabla ya wiki kwisha. Yule mnyama alikufa kwa haraka yangu, na mpaka leo naumia nikimkumbuka.

Mbona anaachama muda wote? Ana hasira?

Anapumua, mama. Akifunua kinywa na kukifumba anasukuma maji yapite kwenye matamvua. Macho yake hayaoni mbali. Anawinda usiku, kwa kunusa. Ajabu yake iko kooni: ana taya la pili, linalochomoka mbele, likanasa windo na kulivuta ndani. Rita Mehta na Peter Wainwright walilieleza mwaka 2007, kule California. Mwaka 2021 Mehta na mwenzake walionyesha kwamba mkunga wa aina hii hii yenye madoa huweza kumeza chakula akiwa nje ya maji. Nilikuwa nimemtazama miaka mingi akila bila kujua ninachokiona.

Nimlishe nini?

Kaa wadogo, kamba, ngisi, vipande vya samaki wa baharini, vyote vibichi, bila chumvi wala ndimu. Badilisha badilisha, kwani kamba peke yao kila siku humpunguzia vitamini B1. Mara mbili au tatu kwa wiki yatosha. Akiwa mgeni anaweza kususa wiki kadhaa. Usimlazimishe, na chakula alichokiacha kiondoe usiku huo huo. Tumia koleo refu. Mkono unaonukia samaki, kwake ni samaki. Wala usimchanganye na kaa unaowapenda, maana meno yake butu yameumbwa kuvunjia magamba yao.

Usiku wa juzi nimemkuta sakafuni. Alitokaje?

Kwenye tundu la waya. Anapita popote kichwa kinapopita, kwa hiyo ziba hata pale bomba linapoingilia, kisha weka uzito juu ya kifuniko. Kama bado ana unyevu, mrudishe kwa kitambaa kilicholowa, ukishika kwa mikono miwili. Na nunua pampu ya hewa ya betri leo. Stima ikipotea usiku wa joto, hewa ndani ya maji huisha, naye huanza kutafuta njia ya kutoka.