Upepo na Kivuli Katika Miji Yetu

Mwaka 1996 lilifunguliwa mjini Harare, katika nchi ya Zimbabwe, jengo liitwalo Eastgate, lenye maduka chini na ofisi juu. Mbunifu wake, Mick Pearce, alitakiwa alijenge pasipo mitambo ya kawaida ya kupozea hewa, maana mitambo hiyo ni ghali kununua na ghali zaidi kuendesha. Naye akaenda shule kwa mchwa. Twaona yafaa kulieleza jengo hilo, kwa kuwa wengi wetu twadhani nyumba ya kisasa ni ile tu iliyovikwa vioo na kutundikwa kiyoyozi penye kila dirisha.

Siri yake si ngumu. Jengo ni la zege nzito, nayo mchana hufyonza joto polepole. Usiku hewa ya nje ikipoa, feni huivuta na kuipitisha chini ya sakafu. Hewa hiyo hulichukua joto la zege na kutoka nalo kwa dohani zilizo juu ya paa. Asubuhi wafanyakazi huingia katika nyumba iliyokwisha kupoa. Kweli, mwaka 2008 wataalamu Scott Turner na Rupert Soar walieleza kwamba kichuguu hakijipozi kwa namna iliyodhaniwa. Mchwa wamepungukiwa sifa kidogo, lakini jengo lapoa vilevile.

Je, tulinakili Dar es Salaam? La, hasha. Harare ipo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Dar es Salaam mwezi wa Februari usiku nao ni wa joto na unyevu. Zege iliyoshiba jua haina pa kulitua joto lake. Mwenye kuliiga jengo lile pwani atajijengea tanuri. Watu wa Mbeya na Iringa wanaweza kujifunza kwake. Watu wa pwani wana dawa nyingine, nayo ni upepo na kivuli. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi unaopenya kutoka barazani mpaka uani, iliijua dawa hiyo zamani.

Lakini upepo si mali ya mtu mmoja, na hapo ndipo penye shauri zito la mipango ya miji. Tazama Kariakoo, ambako nyumba za chini zimekuwa zikibomolewa na magorofa kusimamishwa mahali pake. Mtu akijenga mpaka ukingoni mwa kiwanja chake, humzibia jirani dirisha. Jirani akiwa na fedha hununua kiyoyozi. Basi kiyoyozi hakiliangamizi joto: hulitoa chumbani na kulimwaga nje, pamoja na joto la mtambo wenyewe. Na nani yupo nje? Ni mama auzaye maandazi chini ya dirisha lile, na mpangaji wa chumba cha nyuma asiyeweza kununua hata feni. Baridi ya mmoja yalipwa na mwingine, naye hakuulizwa.

Wako wasemao mji hauna budi kwenda juu, maana ukitambaa hula mashamba, na wafanyakazi humaliza saa nyingi njiani. Twakubaliana nao. Ubaya haumo katika urefu wa nyumba, umo katika kunyimana nafasi kati ya nyumba na nyumba. Na nafasi hiyo hupimwa katika ramani, kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa. Baadaye hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Ajengaye kwa kipato kidogo naye ana la kuchagua. Katika nchi yetu jua huchomoza na kutua likichoma kuta za mashariki na magharibi. Basi madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, ambako ukingo mfupi wa paa watosha kuyatia kivuli. Yawe pande mbili za chumba, ili upepo upate pa kutokea. Chini ya bati iwekwe dari, na matundu ya kutolea hewa ya moto yaachwe. Upande wa magharibi upandwe mwarobaini, ambao hukua upesi na kuvumilia ukame. Ila usiwe karibu sana na msingi.