Tairi ya Theluji Kwenye Lami ya Nzega

Gari langu la kwanza kutoka Japani lilinifikia likiwa na tairi nne zenye kashata nene. Aliyeniuzia alizisifu kabla hata hajasifu injini. Nikamwamini, kwa kuwa machoni zilikuwa mpya kabisa. Mwishoni mwa Novemba, mvua ya kwanza ilinyesha kama nusu saa nikiwa kati ya Igunga na Nzega, mkoani Tabora. Ng'ombe wakaingia barabarani, nikakanyaga breki, na gari likazidi kwenda. Lilikuja kusimama hatua chache kutoka kwa mchungaji, mtoto wa miaka kama kumi. Nilipofika Nzega mjini, fundi pancha alipitisha kidole kwenye kashata, akaniambia, "Kaka, hizi ni za theluji."

Tangu siku ile watu wananiuliza maswali yaleyale kila masika inapokaribia. Nayajibu hapa kwa ajili ya mtu yeyote anayetegemea gari dogo au Toyota Noah katika barabara zetu.

Tairi ya theluji imefikaje huku?

Kaskazini mwa Japani, hasa Hokkaido, theluji hufunika barabara kwa miezi. Mwenye gari huko huwa na seti mbili za tairi, ya kiangazi na ya baridi, na gari likiuzwa mnadani wakati wa baridi linaondoka na zile za baridi. Zamani Wajapani walitumia tairi zenye misumari ya chuma. Misumari ile iliikwangua lami hadi miji ikajaa vumbi, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuidhibiti. Viwanda vikageukia tairi isiyo na misumari, yenye mpira laini unaoishika barafu. Kampuni ya Bridgestone ilikuwa imekwisha kuingiza tairi ya Blizzak sokoni mwaka 1988. Tairi za jinsi hiyo, zikiwa kwenye magari au zikiwa mitumba, ndizo zinazotufikia.

Kama ni nzuri kwenye barafu, si itakuwa nzuri zaidi kwenye mvua?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mpira wa tairi ya theluji umechanganywa ili ubaki laini hata hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, baridi ambayo mpira wa kawaida huanza kukakamaa. Sisi hatuna baridi hiyo. Mchana wa Septemba na Oktoba mkoani Tabora joto linapita nyuzi 30, na lami yenyewe ni moto kuliko hewa. Mpira laini kwenye lami ya moto hulegea, kashata zikacheza, tairi ikapata joto na kuisha upesi. Ukipiga kona unahisi gari linayumba kidogo kabla ya kukutii.

Mvua ni shida nyingine. Kashata ya tairi ya theluji imekatwakatwa kwa mikato myembamba mingi iliyotengenezwa kunyonya utando mwembamba wa maji juu ya barafu. Maji yanayotiririka juu ya lami yanahitaji mifereji mipana na mpira usiopindapinda. Ndiyo maana tairi ya theluji huchelewa kusimama kwenye lami iliyolowa, hata ikiwa mpya. Na mvua za kwanza ndizo mbaya zaidi: vumbi na mafuta yaliyolala barabarani kiangazi kizima hugeuka utelezi kabla hayajasombwa.

Nitaitambuaje kabla sijalipa?

Inama usome ubavu wa tairi. Nyingi za Kijapani zimeandikwa STUDLESS kwa herufi kubwa. Tafuta pia mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati yake. Herufi M+S (matope na theluji) pekee zisikutishe, maana zimo hata kwenye tairi za pikapu za njia za matope ambazo zinatufaa sana. Kisha gusa kashata. Ukikuta kila moja ina mikato myembamba ya kupinda iliyobanana kama meno ya kitana, na ukucha unazama kwa urahisi, iache. Angalia na herufi ya mwendo mwishoni mwa namba za saizi: za theluji kutoka Japani mara nyingi zina Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa, wakati tairi za kawaida za magari madogo huwa na S, T au H. Huwezi kufika 160 hapa wala hutakiwi, lakini Q kwenye tairi ya gari dogo ikushtue.

Kashata bado nene. Si inatosha?

Haitoshi. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Kwenye ubavu, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki na mbili za mwaka. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mara nyingine zimo upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo chungulia hadi chini ya gari. Tairi iliyopita miaka mitano au sita ikaguliwe na fundi kila mwaka, na iliyofika kumi itupwe hata kama inang'aa. Nyufa ndogo ndogo ubavuni zinakwambia mpira umekufa. Tena wapo wanaochonga tairi vipara kwa kisu cha moto ili zionekane zina kashata. Tairi ya gari dogo iliyochongwa imepunguzwa nyama inayofunika nyaya zake, na inaweza kupasuka kwenye mwendo, abiria wakiwa ndani. Hili nalisema kwa uchungu.

Basi masika ninunue ipi?

Nunua tairi ya kawaida ya kiangazi, yenye mifereji mipana inayozunguka tairi nzima. Ndani ya mifereji hiyo kuna vituta vidogo vya mpira. Kashata ikilingana navyo, imebaki milimita 1.6 na tairi imekwisha. Kwa mvua zetu mimi singesubiri hapo. Ikifika milimita 3 anza kutafuta fedha, kwa sababu tairi isiyoweza kusukuma maji pembeni huelea juu yake, na usukani unabaki mwepesi mikononi mwako bila kazi.

Saizi ifuate kibati cha mlango wa dereva. Noah nyingi hutumia 195/65R15. Namba inayofuata, kwa mfano 91, ni uzito: 91 maana yake kilo 615 kwa tairi moja. Mwenye Noah anayepakia abiria na magunia juu asishuke chini ya namba iliyo kwenye kibati chake. Upepo pia uufuate kibati, upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi.

Fedha zikitosha tairi mbili tu, zifunge nyuma. Wengi hufunga mbele, kwa kuwa ndiko kwenye usukani. Lakini nyuma ikiteleza gari huzunguka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Kamwe usichanganye za theluji na za kawaida.

Na njia za vijijini?

Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hujaza kashata zote, tairi ikawa donge la ufinyanzi. Tairi za A/T (za njia mchanganyiko) husaidia kwenye kokoto na matope mepesi, na M/T (za matope) husaidia zaidi, ila zina kelele na hazisimami vizuri kwenye lami yenye maji. Mbugani hasa, dawa ni kusubiri njia ikauke. Hata wapagazi wa Kinyamwezi wa zamani, waliobeba mizigo kwenda pwani, walipanga safari zao kwa kiangazi ili mvua iwakute mashambani nyumbani, na walikuwa wanakwenda kwa miguu.

Nibadilishe rimu?

Rimu kubwa yenye tairi nyembamba kimo ni pambo la mjini. Ikiingia shimoni hakuna ubavu wa kuipokea, rimu inapinda au kupasuka. Ukinunua spoti rimu za mtumba, hakikisha idadi ya matundu na nafasi kati yake zinalingana na gari lako, kagua kama zimechomelewa, na uulize nati zake, maana nati za rimu ya chuma mara nyingi hazikai sawasawa kwenye aloi. Baada ya kufunga, tembea kilomita 50 hadi 100 kisha uzikaze tena.

Ndugu yangu yuko Kanada, anasema tairi hizi ni lazima.

Anasema kweli. Jimbo la Quebec linazidai kisheria kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na Sweden nayo inazidai majira ya baridi barabara zikiwa na theluji au barafu. Huko ndiko kwao.

Na tairi ya akiba?

Itoe uisome leo. Nilipobadilisha nne zangu nilisahau ile ya tano, nikaikumbuka pancha iliponikuta usiku mlimani Sekenke, mvua ikinyesha. Nayo ilikuwa ya theluji.