Programu ya ada kwenye Linux

*Ninajitolea shuleni hapa Ikolo. Nimeihamishia kwenye Linux programu ya ada tuliyonunua. Shule jirani inaomba nakala. Niwape?*
*Mwalimu, Kyela*

Mwalimu, Linux haina kosa. Kutumia Wine, inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, kwa programu mliyoilipia kwa kawaida si tatizo, ila angalia leseni inaruhusu kompyuta ngapi. Tatizo ni kugawa: Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, hata kama mgawaji halipwi.

Mwandikie mwenye programu, ruhusa ije kwa maandishi. Majirani wajaribu GnuCash, programu ya hesabu yenye leseni huru inayoruhusu kunakili. Leseni huru ya aina hiyo ndiyo iliyowezesha Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili, kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2004. Mkipata barua ya vitisho kuhusu nakala, waulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kujibu.